Dramu za kielektroniki

Dramu za kielektroniki ni ala ya muziki ya kupigwa ambayo sauti yake haitoki kwenye ngozi iliyowambwa wala kwenye shaba. Mpigaji hupiga vibao vilivyofungwa kwenye fremu. Pigo hugeuzwa kuwa ishara ya umeme, na ishara hiyo hukiamuru kisanduku cha sauti kutoa mlio uliohifadhiwa ndani yake. Mlio husikika kwa hedifoni au kwa spika. Vibao hupangwa kwa kufuata dramu za kawaida za bendi: ngoma ya besi inayopigwa kwa mguu, sneya mbele ya mpigaji, tomu mbili au tatu, matoazi ya mguu (hai-hati) upande wa kushoto, na matoazi mengine juu.

Ala hii isichanganywe na mashine ya midundo, ambayo hupiga yenyewe mdundo ulioandikwa ndani yake. Kwenye dramu za kielektroniki ni lazima awepo mtu anayepiga. Akisimama, zinanyamaza.

Mbali na studio na majukwaa, dramu hizi zimependwa sana na wapigaji wa ridhaa wenye umri mkubwa, yaani watu waliopiga ujanani, wakaacha kwa sababu ya kazi na familia, kisha wakarudi baada ya kustaafu. Sababu kubwa ni utulivu. Dramu za kawaida huweza kuzidi desibeli 100 chumbani, na ni majirani wachache wanaoweza kuvumilia hilo kila jioni.

Historia

Mwaka 1971 Graeme Edge, mpiga dramu wa kundi la Moody Blues la Uingereza, alitumia dramu za kielektroniki alizozitengeneza pamoja na Profesa Brian Groves wa Chuo Kikuu cha Sussex. Zilikuwa za majaribio. Pollard Syndrum ya mwaka 1976, kutoka Marekani, ndiyo iliyotangulia kuuzwa madukani kwa upana. Mwaka 1981 kampuni ya Simmons ya Uingereza ilitoa SDS-V, yenye vibao vya pembe sita ambavyo vilikuja kuwa sura ya muziki wa miaka ile. Vibao hivyo vilikuwa vya plastiki ngumu, na wapigaji wengi walilalamikia maumivu ya viganja na viwiko.

Mwaka 1983 ulikuja mfumo wa MIDI, lugha ya pamoja inayowezesha ala za makampuni mbalimbali kuwasiliana. Roland ya Japani ilitoa Octapad mwaka 1985, kisha mwaka 1997 ikatoa V-Drums TD-10, yenye ngoma zilizofunikwa kwa wavu badala ya plastiki au mpira. Wavu huo, uliotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Remo, hurudisha kijiti karibu kama ngozi inavyokirudisha, na hukazwa kwa ufunguo kama ngoma ya kawaida. Kwa mtu mwenye viungo vilivyochoka, hatua hii ina uzito kuliko nyingine zote zilizotangulia.

Tanzania

Katika muziki wa dansi, Vijana Jazz, bendi iliyokuwa chini ya Umoja wa Vijana na iliyojulikana zaidi kwa uongozi wa mwimbaji Hemedi Maneti, inatajwa kuwa ya kwanza kuingiza vinanda vya umeme na dramu za kielektroniki, mwaka 1987. Hata hivyo bendi nyingi za dansi ziliendelea na dramu za kawaida na tumba. Miaka ya 1990 mambo yalichukua njia nyingine: taarabu ya kisasa na mchiriku viliegemea kinanda chenye midundo ndani yake, na baadaye singeli ikatengenezwa kwa kompyuta. Kwa hiyo Watanzania wengi waliisikia ngoma ya umeme kabla hawajamwona mtu akiipiga kwa mikono.

Pwani ya kusini, kuanzia Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko hadi Lindi mjini na vijiji vinavyoizunguka, mpigaji mwenye miaka sitini au sabini amejifunza mahali kadhaa. Wapo waliopitia bendi ya shule, yenye ngoma kubwa moja na ngoma ndogo za kuning'iniza, iliyopiga siku za sherehe na wakati wa kupokea Mwenge wa Uhuru. Wapo waliokulia kwenye dufu za maulidi. Wengi wamesimama kwenye ngoma za jando, za mavuno na za harusi, za Wamwera, Wamachinga, Wamatumbi, Wangindo na Wamakonde. Nyuma yao kuna beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, ambayo ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea katika miji ya pwani, Lindi ikiwemo, pamoja na vyama vyake vilivyoshindana, Marini na Arinoti. Na katika muziki wa dansi jina la Kilwa lilibebwa Dar es Salaam na Kilwa Jazz Band ya Ahmed Kipande.

Historia hii ina matokeo ya vitendo. Mtu aliyejifunza kwa viganja, akiwa amesimama na wenzake watatu au wanne, kila mmoja na ngoma yake, anapokaa kwenye dramu za kielektroniki anatakiwa kuzipiga zote peke yake, kwa vijiti, huku miguu nayo ikifanya kazi. Si kwamba hajui ngoma. Anajua sehemu moja ya ngoma kwa undani, na sasa anatakiwa kuwa kundi zima. Mfano wa mtu mmoja kuwa kundi zima ulikuwepo nchini zamani: Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji kipofu, alipanga ngoma nyingi kumzunguka na kuzipiga kwa pamoja, na mlio wake ukawa ishara ya taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Kwa kuwa hakuona, kila ngoma ilibidi iwe mahali mkono ulipoitarajia. Hilo ndilo lengo la upangaji wote unaoelezwa hapa chini.

Jinsi zinavyofanya kazi

Chini ya kila kibao kuna kipande chembamba cha piezo, kitu ambacho hutoa umeme kidogo kinapotikiswa. Pigo la nguvu hutoa umeme mwingi, pigo dogo umeme kidogo. Kisanduku cha sauti hupima kiasi hicho na kukipa namba. Katika MIDI ya kawaida ngazi za nguvu ya pigo zinaishia 127. Vibao bora huwa na vihisio viwili, kimoja cha katikati na kimoja cha ukingo, ili sneya iweze kutoa mlio wa ukingo. Matoazi mengine hunyamaza yanaposhikwa kwa vidole, kama matoazi ya kweli.

Marekebisho manne ndani ya kisanduku huamua kama ala itamtii mpigaji au itamchosha. La kwanza ni wepesi wa kuhisi: ukiwa mdogo, mpigaji hulazimika kupiga kwa nguvu ili asikike. La pili ni kizingiti, yaani pigo dogo kabisa linalokubaliwa. Kikiwa juu sana, mapigo laini hupotea. La tatu ni mkunjo wa nguvu, unaoamua sauti ipande kwa haraka au polepole kadiri pigo linavyoongezeka. La nne ni kuzuia mwingiliano, ili pigo la tomu lisiamshe toazi lililofungwa kwenye fremu hiyo hiyo.

Vifaa hutoka kiwandani vikiwa vimerekebishwa kwa kijana anayepiga kwa nguvu. Mzee anayepiga kwa wepesi hupata mlio uliofifia, akadhani mikono yake imeisha. Mara nyingi tatizo liko kwenye menyu. Inafaa kuongeza wepesi wa kuhisi hadi pigo la kawaida lijaze sauti, kisha kushusha kizingiti kidogo kidogo hadi mapigo yasiyokusudiwa yaanze kusikika, na kukipandisha hatua moja kutoka hapo.

Kwa anayependa kupiga kwa viganja, vibao vya mpira havifai sana, kwa kuwa vimetengenezwa kwa vijiti. Wavu huweza kupigwa kwa mikono ikiwa kizingiti kimeshushwa. Kuna pia vifaa vilivyobuniwa kwa viganja na vidole tangu mwanzo, kama HandSonic HPD-15 ya Roland iliyotoka mwaka 2000, ambayo huwekwa mapajani au kwenye stendi. Mpigaji wa chapuo au dufu huweza kuanzia hapo bila kujifunza vijiti kabisa.

Kupanga ala kwa mwili wa mpigaji

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kufunga fremu kwanza, kama inavyoonyeshwa kwenye picha ya boksi, kisha kumwita mpigaji akae. Inatakiwa kuanza na kiti. Kiti kiwe kigumu kiasi, kisiyumbe, na kiwe juu kiasi cha mapaja kuteremka kidogo kuelekea magotini. Kiti kifupi hukunja nyonga na kuumiza kiuno. Kigoda na kiti cha plastiki havifai, cha kwanza kwa ufupi wake na cha pili kwa kuyumba na kwa mikono yake inayozuia viwiko. Mwenye matatizo ya mgongo atafute kiti chenye egemeo.

Akiisha kukaa, ataweka miguu pale inapoangukia yenyewe bila kujinyoosha, na pedeli zitaletwa kwenye miguu. Sneya huja kati ya magoti, juu kidogo ya mapaja, ili kijiti kisigonge paja wala bega lisiinuke. Tomu na matoazi hufuata. Kipimo ni rahisi: mpigaji afumbe macho, apeleke kijiti kwenye kila kibao, anapokosa, kinachohamishwa ni kibao. Toazi lililo juu ya usawa wa bega lishushwe, hata kama picha zinaonyesha vingine, kwa maana bega la mtu mzima halisamehe. Mpangilio ukikamilika, kila kiungo cha fremu kiwekewe alama kwa utepe au kalamu, kwa sababu fremu itakuja kufunguliwa siku ya kufagia au ya wageni.

Vijiti vinene kidogo, au vyenye mpira mahali pa kushika, huwasaidia wenye baridi yabisi vidoleni, kwa kuwa mkono haulazimiki kukaza. Wavu usikazwe kupita kiasi. Ukilegea kidogo huwa mpole kwa viganja vya mikono, ingawa kijiti hurudi polepole zaidi.

Faida kubwa ya ala hii kwa mwili uliopungukiwa ni kwamba sauti haijafungwa mahali. Kibao chochote kinaweza kupewa sauti yoyote. Mfano unaojulikana duniani ni wa Rick Allen wa kundi la Def Leppard la Uingereza, aliyepoteza mkono wa kushoto katika ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984. Alitengenezewa dramu za kielektroniki ambazo kazi ya mkono uliokosekana ilihamishiwa kwenye pedeli za mguu wa kushoto, na mwaka 1986 alipiga tena mbele ya umati Donington. Kwa mzee aliyepata kiharusi na kubaki na udhaifu wa upande mmoja, njia ni hiyo hiyo, kwa kiwango kidogo: sneya huweza kuhamishiwa mguuni, au ngoma ya besi ikaletwa kwenye kibao cha mkono.

Umri wenyewe si kizuizi. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliendelea kupiga ngoma za unyago na kuimba hadharani akiwa mkongwe kabisa.

Masikio na majirani

Hedifoni huondoa kelele kwa jirani na kuihamishia karibu na sikio. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidi wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90 muda huo hupungua hadi saa 4 tu. Usikivu wa uzeeni hupungua kwanza kwenye sauti nyembamba, na sauti nyembamba ndizo za matoazi. Hapo huja mtego: mpigaji asiyeyasikia matoazi hupandisha sauti yote, na ngoma ya besi humpiga masikioni bila yeye kushtuka. Visanduku vingi vina uwezo wa kupandisha matoazi peke yake, na hiyo ndiyo njia sahihi. Mlio unaoendelea masikioni baada ya kupiga ni dalili ya kupunguza, na ukidumu, ya kwenda hospitali.

Hedifoni zisizo na waya hazifai kwa kupigia. Bluetooth huchelewesha sauti kiasi ambacho mpigaji husikia pigo lake baada ya mkono kuinuka, na mdundo hubomoka. Zitumike zenye waya.

Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na ngoma ya usiku huombewa kibali. Lakini katika mitaa ya pwani kuna sheria ya zamani zaidi: haipigwi ngoma wakati wa adhana, wala pakiwa na msiba mtaani, na Ramadhani ina utaratibu wake. Mtu mwenye hedifoni hamsumbui mwenzake kwa sauti, ila pedeli ya besi bado hutikisa sakafu. Kwenye nyumba ya chini yenye sakafu ya saruji hilo ni dogo. Kwenye ghorofa, zulia nene au ubao uliowekwa juu ya vipande vya mpira huhitajika. Na sauti ya vijiti kwenye wavu, tak-tak-tak, husikika hadi chumba cha pili. Waliolala watailalamikia hiyo.

Umeme, chumvi na unyevu

Ngoma ya ngozi hulegea wakati wa masika na huhitaji moto wa makuti au wa karatasi ili ikaze. Vibao havihitaji moto, lakini vina maradhi yake. Hewa ya bahari huleta kutu kwenye soketi na plagi, na dalili yake ni kibao kinachokatakata au kunyamaza. Plagi zifutwe kwa kitambaa kikavu na kuchomekwa zikae imara. Kebo zisiachwe zikining'inia kwenye soketi. Ala ifunikwe kwa kanga au shuka baada ya kupiga, si kwa nailoni, kwa kuwa nailoni hufungia unyevu ndani.

Umeme wa nyumbani nchini ni volti 230, na kisanduku hutumia adapta inayoushusha, kwa kawaida hadi volti 9 au 12. Adapta ikiharibika, isinunuliwe kwa kuangalia volti peke yake. Adapta nyingi za Roland zina hasi katikati ya plagi, za Yamaha zina chanya. Mchoro mdogo kwenye kifaa huonyesha ipi inatakiwa, na ikichomekwa kinyume inaweza kuua kisanduku. Kifaa cha kulinda dhidi ya umeme kupanda ghafla ni cha lazima, hasa umeme unaporudi baada ya kukatika. (Gesi ya Songo Songo, kisiwa cha wilaya ya Kilwa, inazalisha umeme Dar es Salaam tangu mwaka 2004, mwenyeji wa Kilwa aliyekaa gizani mbele ya dramu zake ana haki ya kuguna.) Kisanduku kinatumia umeme kidogo sana, hivyo mfumo mdogo wa sola wenye betri na inveta hukiendesha bila shida. Spika ndiyo inayokula.

Sauti za pwani

Hapa ndipo upungufu mkubwa wa ala hii kwa mpigaji wa Lindi ulipo. Orodha ya General MIDI, iliyokubaliwa na watengenezaji mwaka 1991, ina sauti 47 za ala za kupigwa, kuanzia namba 35 hadi 81. Ngoma ya besi ni 36, sneya ni 38. Kuna bongo na konga za Kuba, kuna kwika ya Brazili. Msondo hamna. Chapuo hamna, vumi hamna, dufu hamna. Visanduku vya leo vina mamia ya sauti zaidi, na mara nyingi neno "Afrika" likionekana kwenye menyu humaanisha jembe ya Afrika Magharibi.

Upungufu huu unaweza kuzibwa na wapigaji wenyewe. Baadhi ya visanduku, kama TD-17 ya Roland iliyotoka mwaka 2018, hupokea sauti zilizorekodiwa na mtumiaji kupitia kadi ya kumbukumbu. Visivyopokea huunganishwa kwa waya wa USB na kompyuta yenye programu ya sampuli, na zipo za bure. Kinachohitajika ni kurekodi kila pigo la ngoma peke yake, chumbani pasipo mwangwi, kwa faili la WAV: pigo la wazi la katikati, pigo la ukingoni, pigo la kuziba kwa kiganja, kila moja kwa nguvu tatu au nne tofauti. Nguvu hizo ni muhimu. Sauti moja ikitumika kwa mapigo yote, ngoma husikika kama bunduki ya kitoto.

Ngoma ya ngozi irekodiwe mara baada ya kuota moto, na kazi ifanywe haraka, kwa maana ikipoa sauti hushuka na pigo la mwisho halitalingana na la kwanza. Ni vizuri aitwe mpigaji mwenyewe wa ngoma hiyo. Kijana mwenye kinasa sauti anaweza kupata mlio, lakini ni mpigaji anayejua wapi kiganja kinatua, lini ngozi imeiva, na ngoma ipi ndiyo inayoita na ipi inayoitikia.

Ruhusa huombwa kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, lakini mila hutangulia sheria: ngoma za unyago si za kusikilizwa na kila mtu, na za jando nazo zina miiko yake. Kungwi au mwenye ngoma akikataa, hazirekodiwi. Ngoma za harusi, za mavuno na za beni hazina kizuizi cha namna hiyo.

Sauti zikishaingizwa, vibao huweza kupangwa upya kwa mantiki ya ngoma badala ya ile ya bendi. Vumi hupelekwa kwenye pedeli ya mguu wa kulia, msondo kwenye sneya, chapuo mbili kwenye tomu, na upatu mahali pa toazi. Mzee aliyepiga chapuo moja maisha yake yote akisikiliza wenzake huanza kuzipiga sehemu zao pia, polepole, akitumia kipima mdundo cha kisanduku, na anaweza kurekodi kila sehemu kivyake na kuipiga tena huku akiongeza nyingine juu yake. Mafunzo rasmi ya ngoma yapo Bagamoyo katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni (TaSUBa) na Zanzibar katika chuo cha muziki cha nchi za majahazi, Dhow Countries Music Academy, kilichoanza mwaka 2002. Kwa anayeishi Kivinje au Lindi mjini, mwalimu aliye karibu zaidi kwa kawaida ni mpigaji wa mtaani aliye na ngoma yake.